Mikono Iliyoinuliwa kwa Pikapu ya Anania

Tanga, 9 Agosti 2024,
mwaka wa arobaini na tatu tangu nihame Njombe.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Natumaini u mzima na baridi imepungua. Mimi ni Frederick, mdogo wake marehemu Anania. Mwezi uliopita nilikuja kuweka msalaba kwenye kaburi lake, na shemeji yangu Zipora akaniazima pikapu ya marehemu nikafuate saruji Makambako. Kwa yaliyonipata njiani, naomba serikali ya kijiji ipige marufuku madereva kuinuliana mikono. Sababu zangu ni hizi:

1. Ni hatari. Mwenye lori la mbao aliponiinulia vidole viwili, nilisimama nikakagua matairi yote. Huku ninakoishi, dereva akikuinulia mkono, ama gari lako lina kasoro ama anakutukana. Wa pili aliinua kiganja kizima, nikakagua tena. Nilifika na saruji jua limezama. Zipora akaniuliza, "Shemeji, ulipitia Manda, kule ziwani?"

2. Salamu hizi hazina kipimo. Mwenye trekta huvua kofia. Wa bodaboda hutikisa kidevu. Sista mmoja wa misheni ya Uwemba aliinua kidole kimoja tu, kiganja hakikuacha usukani. Hadi leo sijui nilipewa heshima ya kiasi gani.

3. Hazikuwa zangu. Siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea, naitikia kila gari, huku nikimweleza Letisia, jirani niliyempa lifti, kwamba nyumbani bado wananikumbuka. Akacheka. "Baba, wanasalimia gari. Wewe nani anakujua?" Kumbe nilikuwa napokea mali ya marehemu bila idhini ya familia.

4. Mwenye fuso mmoja aliinua mkono akiwa mbali. Tulipokaribiana akaiona sura yangu, akaushusha ukiwa katikati. Letisia akasema ni mtoto wa Abel. Abel nilikaa naye dawati moja. Mkono huo ndio ninaolalamikia hasa. Hayo mengine nimeyaongeza ili barua ifikie uzito wa kusomwa kikaoni.

Hivyo basi, pikapu ipakwe rangi nyingine. Kanisani litolewe tangazo kwamba Anania hayupo tena barabarani. Na dereva asiinue mkono kabla hajathibitisha anayemwinulia. Akishauinua, asiushushe.

Nisalimie wajumbe wote, Letisia, na wazee waliobaki. Madereva nao wasalimie, ila kwa mdomo.

Wako, mtii wa sheria zote za barabarani,
Frederick

Nyongeza: Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu, sura ya mtu haionekani ndani ya gari. Niliendesha hadi Matembwe bila mzigo wowote, nikarudi, nikaenda tena. Wote waliinua mikono hadi juu, nami nikawainulia. Mwambie Zipora dizeli niliimaliza mimi. Pikapu msiipake rangi, na mtu yeyote asikatazwe kitu. Mimi sitarudi.