Manjano ya Goti Siku ya Posa

Leo nimeadhirika, tena mbele ya watu waliokuja kumposa mwanangu.

Goti langu lina miezi limevimba, linawaka moto. Juzi muuguzi akanieleza: "Mama, kuvimba ni mwili unajipigania. Umejikwaa, umevimba siku mbili, hiyo ni heri. Uvimbe ukikaa miezi, mwili unajipiga wenyewe, hata moyo unaweza kudhurika. Njoo Alhamisi tukupime damu."

Mimi nikashika neno moja tu: moto. (Masikio yangu husikia yanachotaka.) Shoga yangu akasema manjano huzima moto. Basi!

Asubuhi nikatwanga manjano, nikatia liwa na marashi yanukie, nikapaka goti. Yakabaki. Mimi na kutupa kitu, wapi! Nikapaka goti la pili. Yakabaki. Nikapaka mikono, vidole navyo vinauma. Yakabaki tena. Nikapaka uso.

Jamani, hiyo si ndiyo singo anayosingwa bi harusi? Wallahi haikunijia kabisa! Nimejikalia mkekani, miguu nimenyoosha, nang'aa, nangoja ikauke.

Wageni tuliwatarajia alasiri. Saa nne, hodi! Mwanangu Zuhura akafungua, mikono imejaa unga. Wakaingia wanawake watatu kutoka Mnarani, mbele yao Bi Mwanakombo, shangazi wa kijana, mtu wa haiba zake.

"Shikamoo," Zuhura akasema.

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Ehe, mwali ndiye yupi?"

Mmoja wa nyuma akapiga kigelegele. Kwangu mimi! Mjane wa miaka hamsini na tatu! Jirani akadakia nyuma ya ukuta: "Mama Zuhura anaolewa!"

Nikainuka nikimbilie chumbani. Goti likagoma. Nikaanguka miguuni pa Bi Mwanakombo, nikamdaka buibui. Vidole vitano vya manjano juu ya buibui jipya! Zuhura akaanza kulia. Nikajua posa ya mwanangu nimeivunja kwa mikono yangu.

"Ni goti, dada! Wallahi ni goti tu, limevimba!"

Bi Mwanakombo akaketi mkekani pole pole, akapandisha buibui. Goti lake limeumuka kama unga wa mahamri.

"Mwaka wa pili huu," akasema. "Yamebaki?"

Posa imekubaliwa. Magoti bado yamevimba vile vile, kwa hiyo Alhamisi wakwe wawili tunakwenda kupimwa damu, tena tukiwa na manjano hadi masikioni. Atakayecheka, namwombea goti.