Alama Tatu na Kifo cha Busia

Jumatano, 7 Februari

Matokeo yametoka. 159! Juu kabisa ni 180, lakini wanaofika huko hawana marafiki.

Mtihani huu wa kuingilia chuo cha sheria nimeufanya mara tatu. Mara ya kwanza 152. Mara ya pili 147. Leo 159. Binamu yangu Marlena, anayeomba chuo hichohicho cha Swan Fork, aliufanya mara moja, akapata 157, akaridhika. Nimempita kwa mbili. Nikampigia simu kumpa pole.

Hakuipokea pole vizuri. Akasema vyuo huziona alama zote, si ile mtu anayoipenda. Akasema mwenye alama tatu ni kama mwenye ndoa tatu: hii ya mwisho huenda ina raha, ila watu watauliza tu habari za zile mbili.

Wivu. Hata hivyo nikachukua kalamu nikapiga wastani. 152 na ushee. Nikipimwa kwa wastani, Marlena yuko juu yangu. Haikubaliki. Ile 147 lazima itafutiwe maelezo.

Sababu yake ya kweli haiandikiki. Nilikuwa na nadharia. Muda ulipokaribia kwisha niliona jibu C halijatokea vya kutosha, nikarudi nyuma nikageuza majibu mengi yawe C. Nadharia bado naiamini. Ilikosa siku tu.

Alhamisi, 8 Februari

Dukani kumepoa. Kazi yetu ni kubadilisha vioo vya magari, na barabara za Toledo zisipomwagiwa changarawe kwa ajili ya theluji, vioo havipasuki. Nikapata nafasi ya kufikiri.

Fomu ya Swan Fork inamruhusu mwombaji kueleza, akitaka, kwa nini alama zake zinapishana. Akitaka! Nani asingetaka?

Nikapima. Ugonjwa: wataomba cheti cha daktari. Ajali: wataomba taarifa ya polisi. Msiba: mtu mwenye adabu haombi ushahidi. Kwa hiyo nimemfisha Busia. Ndivyo tunavyomwita, kwa Kipolandi, bibi yetu mzaa baba. Yeye ndiye aliyenilea, na ni kwake ninakoishi mpaka leo.

Nimemfisha kwa heshima, bila maumivu, wiki ileile ya mtihani wa pili. Nimeandika jinsi alivyonishika mkono akaninong'oneza nisiache kwenda kufanya mtihani. Nilipofika hapo nikalia mwenyewe. Mara Busia akaingia na supu ya kabichi, akauliza nalia nini. Nikasema kitunguu. Akasema supu haina kitunguu.

Nimetuma.

Jumamosi, 10 Februari

Marlena alikuja kumsaidia Busia kukanda unga wa sikukuu. Uso umemkunjamana. Alikuwa amepiga simu Swan Fork akazungumza na mkuu wa udahili, Bi. Corinne Haddad. Wanazisoma alama zote, ndiyo, lakini wanayoihesabu ni ile ya juu. Wastani waliuacha zamani. Aliyeanguka kisha akapanda hawamwadhibu kwa kuanguka.

Lazima nikiri ni mtu mwema, Marlena. Habari hiyo inaniweka mbele yake, na bado kaniletea mwenyewe.

Nilifadhaika kidogo. Kumbe Busia amekufa bure. Lakini baadaye nikaona vizuri. Wengine wana alama ya juu peke yake. Mimi nina alama ya juu na msiba. Chakula cha jioni nikamwachia Busia soseji kubwa zaidi. Akauliza kama ninaumwa.

Jumanne, 13 Februari

Leo ni siku ya pączki, maandazi ya Kipolandi ya kuaga vitamu. Nyumba nzima inanukia maandazi ya jamu, kesho mfungo unaanza. Nilikuwa jikoni nayapaka sukari, simu ya mezani ikalia, Busia akaipokea.

Nilimsikia akisema ndiyo, hapa ni kwa kina Banaszak. Ndiyo, Leon anaishi hapa. Kisha akashukuru kwa rambirambi. Akauliza marehemu alifariki lini. Akauliza kama alisumbuka sana.

Nilitamani kuingia ndani ya bakuli la sukari.

"Naona kuna kitu hujaambiwa, mama," alisema Busia. "Marehemu mwenyewe ndiye mimi."

Alipokata simu nilikuwa tayari na utetezi, ila hakukasirikia kufa. Busia amezika mume na mapadri wawili wa parokia yetu, kifo hakimtishi. Kilichomuuma kwanza ni alama.

"Yaani nimekufa mzima mzima, halafu nikakupatia 147?"

Kisha akakaa kitini, akafuta mikono yake kwenye aproni, akasema kwa sauti ya chini: "Wiki ile nilikuwa hai, Leon. Nilikupigia pasi shati la mtihani."

Nikarudi kupaka sukari maandazi yaliyokwishapakwa.

Bi. Haddad ananitaka ofisini kesho asubuhi. Busia amesema atakwenda. Nikamwambia si lazima. Akasema marehemu hapangiwi.

Jumatano, 14 Februari

Tulitoka kanisani moja kwa moja. Busia amevaa koti jeusi, paji la uso lina msalaba wa majivu. Nikamshauri aufute kwanza, akasema majivu ya Jumatano hayafutwi. Bi. Haddad alipomwona mlangoni alisimama wima. Kwa kweli, kwa mtu niliyesema amekufa, Busia alifanana na habari zenyewe.

Nilikuwa na mpango. Ningesema aliyekufa ni bibi mzaa mama, kalamu iliteleza. Mpango mzuri sana. Ila garini Busia alikuwa ameshaniwahi: bibi mzaa mama alifariki kabla sijazaliwa, na yeye angelisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Bi. Haddad hakupandisha sauti.

"Bwana Banaszak, ile 147 haikutusumbua hata kidogo. Tulishachukua 159. Kinachotusumbua ni maelezo ambayo hatukukuomba."

Akasema mwanasheria husadikiwa kwa neno lake, na mwombaji hivyohivyo. Akasema angeweza kulifunga faili langu leo. Mkono wake ulikuwa juu ya faili.

Nimeutaka uanasheria tangu kiwanda cha vioo kilipofungwa na baba akatia saini karatasi asiyoielewa. Sikuwahi kumwambia mtu. Leo pia sikusema.

Busia ndiye aliyesema. "Binti, huyu ni mpumbavu, simtetei. Lakini mwongo kamili asingenileta hapa."

Bi. Haddad akageukia dirishani, akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida. Alipogeuka akasema ananipa mpaka Ijumaa. Niandike ukweli, usizidi ukurasa mmoja.

Njiani nilimwambia Busia kwamba mambo yameenda vizuri. Akaniambia niangalie barabara.

Ijumaa, 16 Februari

Nimeandika ukweli. Nadharia ya C yote, kisha uongo wa msiba, kisha samahani. Busia alikaa upande wa pili wa meza anamenya viazi, akanilazimisha nisome kwa sauti. Kila nilipotia nakshi, kisu kilisimama. Nikaitoa "roho yangu iliyopondeka", kisu kikaendelea. Nikaitoa "dhoruba ya ujana", kikaendelea. Mwishowe ukweli ulibaki nusu ukurasa, mkavu kama mkate wa mfungo. Sijawahi kuandika kitu kibaya namna ile.

Nimetuma hivyohivyo. Viazi vilikuwa vimekwisha, na yeye alionekana yuko tayari kuanza karoti.

Jumatatu, 26 Februari

Bi. Haddad amepiga simu. Sijakubaliwa, sijakataliwa. Niko kwenye orodha ya wanaosubiri. Akasema 159 peke yake isingeniokoa. Kilicholiacha faili wazi ni nusu ukurasa ule.

Marlena amekubaliwa. Alikuja jioni. Nilijiandaa kwa kejeli, nilikuwa hata na majibu. Badala yake akaniambia kusubiri si kukataliwa, na kwamba nikiingia ataniachia maandishi yake ya mwaka wa kwanza. Busia akatupikia sote wawili, sahani zikiwa sawa. Kejeli ningeivumilia vizuri zaidi.

Jumanne, 27 Februari

Nimeamka na akili safi kabisa.

Nitazame ushahidi kama mwanasheria. Uongo nusura ulifunge faili. Ungamo likalifungua. Alama hazikufanya kitu, ungamo ndilo lililofanya kazi! Na waombaji wote wana alama, lakini ni wangapi wenye ungamo?

Nimeomba vyuo vingine vinne. Huko sikuandika maelezo yoyote, sikumfisha mtu. Yaani kwao mimi ni msafi, na hapo ndipo udhaifu wangu ulipo. Leo dukani nimeurekebisha. Ungamo linahitaji dhambi, na kwa kuwa sikuwa nayo, imenibidi nitunge. Nimejaribu zisifanane.

Ile ya chuo cha Indiana ndiyo bora. Nimekiri kwamba 159 si yangu, kwamba mtihani wa tatu alinifanyia binamu yangu Marlena. Naye ameomba hukohuko kama akiba, kwa hiyo majina yetu yatawafikia pamoja, na majina yanayofika pamoja hukumbukwa. Nusu ukurasa. Bila nakshi hata moja.

Jioni Busia alinikuta mezani nikitabasamu peke yangu, akauliza nimekuwa nikiandika nini. Nikamwambia maungamo, tena kwa vyuo vyote.

Akanibusu utosini. Akasema hatimaye nimekua.