Kocha Yuko Juu, Mshauri Yuko Chini

Jumatatu, 3 Juni

Kibao bado kiko mlangoni mwa lifti: LIFTI MBOVU, TUNANGOJA KIPURI. Nimekiandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Wapangaji wote wameamini. Ukweli ni kwamba lifti haina hata mafua. Mbovu ni fundi wake, yaani mimi.

Kisa ni cha mwezi uliopita. Umeme ulikatika nikiwa ndani na mama mkwe wangu, katikati ya ghorofa mbili. Fundi mwenye vyeti! Mfuko wa vifaa begani! Nikapiga kelele, nikamwita mama yangu mzazi, nikalia kamasi zikinitoka, kichwa begani kwa mama wa mke wangu. Mtandio wake ukaloa. Umeme uliporudi sikumtazama usoni, na mpaka leo sijamtazama. Tangu hapo nikisogelea lifti jasho linanitoka na pumzi zinakata. Nikaona bora kibao.

Shida ni kwamba Mama Mkwe anakaa ghorofa ya sita katika jengo hili hili, na magoti yake hayataki ngazi. Hajashuka tangu nitundike kibao. Ijumaa ana miadi ya magoti hospitali, aliyoingoja tangu mwaka jana. Nikiondoa kibao, kanuni ya kazi inasema fundi apande kwanza, juu mpaka chini, mwenye jengo akitazama. Kwa hiyo lazima nipone kabla ya Ijumaa. Basi.

Mke wangu anasema usiku napiga mateke na kuweweseka. Anataka nikamwone mshauri wa saikolojia, yule mama wa pale chini. Mficha maradhi, eti, kifo humuumbua. Sikatai. Lakini benchi lake liko ukumbini, mkabala na mlinzi! Ukikaa pale, kabla hujaitwa jengo zima limeshajua. Juu, ghorofa ya nane, kuna kocha wa maisha. Huko hakuna atakayeniona, maana lifti ni mbovu. Akili hiyo!

Jumanne, 4 Juni

Nimepanda ngazi roho mkononi. Ghorofa ya sita nikapita kwa kunyata. Mama Mkwe akauliza kutoka ndani ni nani. Nikakaza sauti nikajibu, fundi bomba. Akanishukuru kwa wema wangu wa jana. Wema gani?

Nimeujua baadaye. Fundi bomba, yule mwenye kiherehere, humpandishia mboga na gesi kila siku. Mama Mkwe anamsifu kwa kila mtu: kijana wa watu, moyo wa dhahabu. Kijana! Tumezaliwa mwaka mmoja.

Kocha ana filimbi shingoni. Zamani alifundisha mpira wa wavu. Alinipokea kama mgeni kutoka ng'ambo. Mimi ndiye mteja wake wa kwanza tangu lifti isimame, wengine wamekimbia ngazi. Akamlaani sana fundi wa lifti. Nami nikamlaani. Nikasema mafundi wa siku hizi hawana utu kabisa.

Akauliza lengo langu. Nikasema, kujiamini kazini. Kazi gani? Nikasema, mambo ya kupanda na kushuka. Akapuliza filimbi kwa furaha. Kazi ya nyumbani: nijitazame kwenye kioo niseme mimi ni mshindi. Nimeteremka nikiwa mtu mpya. Mshauri wa nini?

Jumatano, 5 Juni

Nimejitangazia ushindi katika chumba cha vifaa, mbele ya kipande cha kioo. Mara ya tatu, kwa sauti kubwa. Fundi bomba alikuwa nyuma ya mlango na bomba lake. Akauliza nimeshinda nini. Nikasema ni mambo ya ofisi. Akanipa pongezi, mnafiki yule.

Mchana nikajikaza kisabuni. Nikafungua mlango wa lifti. Nikaingiza mguu wa kulia. Jasho! Kuta zikaanza kunisogelea, naapa. Mguu wa kushoto ukagoma nje. Nikasema mguu niponye, nikakimbia mpaka getini.

Nimemwarifu kocha kwamba lengo limefikiwa nusu. Miguu ni miwili, mmoja umeingia. Hesabu haidanganyi.

Alhamisi, 6 Juni

Kocha hakufurahia nusu yangu. Akataka kujua hasa nini kinatokea. Nikamweleza kuhusu rafiki yangu mmoja, fundi wa mambo fulani, anayekosa pumzi, asiyelala, anayeamka analia. Kocha akaivua filimbi akaiweka mezani. Sikupenda kuiona mezani.

Akasema, "Mimi namsaidia mtu anayejua anakokwenda, namsukuma kidogo afike. Huyo rafiki yako ana kidonda. Kidonda hakipangiwi malengo, kinatibiwa. Mwambie aende chini kwa mama yule, na aende leo."

Nimefukuzwa! Na kocha asiye na mteja mwingine! Nimeshuka nimenuna. Halafu nikapata wazo. Wazo safi, sijawahi kupata jingine kama hilo.

Nikaingia kwa mshauri na mfuko wa vifaa. Mgonjwa hukaa benchi. Fundi hupita moja kwa moja, nani atamuuliza? Nikamwambia bawaba za mlango wake zimelegea, nimekuja kuzikaza. Akasema mlango ni mzima. Nikasema hivyo ndivyo inavyoanza. Nikaanza kufungua skurubu, huku nikimsimulia habari za rafiki yangu. Ni mama mtaratibu. Haandiki kitu, hakatizi, hana hata filimbi.

Mwisho akauliza huyo rafiki, siku ile ndani ya lifti, aliogopa nini zaidi. Kufa, au kuonekana analia?

Bisibisi ikaniponyoka. Ikatoka yote. Kwamba ni mimi. Kwamba namwonea haya Mama Mkwe mpaka nashindwa kula kwake. Kwamba kibao ni uongo na kipuri hakipo. Nililia, sijui kwa muda gani, na kusema kweli nilijisikia nafuu, kifua kimeachia. Nikainua kichwa kumshukuru.

Mlango ulikuwa haupo. Nilikuwa nimeufungua bawaba zote na kuuegemeza ukutani. Ukumbini walikuwa wamesimama mlinzi, wapangaji wanaotoka sokoni, na mbele yao wote, fundi bomba. Mlinzi amenipa kitambaa chake. Za mwizi arobaini.

Ijumaa, 7 Juni

Maji yakimwagika hayazoleki. Habari zimepanda mpaka ghorofa ya sita bila lifti. Asubuhi mke wangu alininyooshea kidole tu, juu.

Nilipofika, Mama Mkwe alikuwa amesimama mbele ya mlango wa lifti, mkoba mkononi, fimbo mkononi. Fundi bomba ameinama pembeni, mgongo tayari, anataka kumbeba mpaka chini. Mgongoni! Mama wa mke wangu! Nikamwamkia Mama Mkwe huku natazama sakafu.

Akaniambia lifti ni nzima, amejua tangu siku ya kwanza. Taa ya kitufe inawaka, lifti mbovu haina taa. Nikauliza kwa nini basi hakusema.

"Nilidhani unanikwepa mimi, nikaona nikuachie kibao chako," alisema. "Kulia si kosa, mwanangu. Hata mimi siku ile niliogopa. Lakini umeniacha huku juu wiki tatu nawaza nimekukosea nini."

Sijawahi kuona aibu kama ile, hata ya mtandio ni ndogo. Mama wa watu nimemfungia kama kuku, na bado ni yeye aliyekuwa anatafuta kosa lake. Nikamwomba radhi nikimtazama usoni. Macho yake ni kama ya mke wangu. Nilikuwa nimesahau.

Mwenye jengo akapiga kelele kutoka chini kwamba fundi apande kwanza peke yake, ndiyo kanuni. Mama Mkwe akamjibu kwamba mambo ya kanuni watazungumza yeye akishafika chini. Akabonyeza kitufe. Tukaingia. Nilifumba macho, nikamshika mkono, nikahema kama mbuzi. Yeye akanisimulia magoti yake, kwanza la kulia, halafu la kushoto, na hakunyamaza mpaka mlango ulipofunguka. Tulifika chini kabla ya fundi bomba! Alikuja kwa ngazi, ametota jasho. Nikampa pongezi.

Miadi haikupotea. Daktari amesema magoti yanatibika, ila asikae ndani muda mrefu hivyo tena.

Jumapili, 9 Juni

Mshauri amenipangia kila Jumanne. Amesema safari moja si kupona, ni kuanza. Kocha naye amenitumia salamu kwamba nikishamaliza chini, nipande kwake tupange malengo. Wote wawili wananigombea. Nimetafakari sana nani bora, na nimepata jibu: hakuna. Dawa yangu ni Mama Mkwe. Nikimshika mkono, napanda lifti yoyote duniani.

Na imekuja kwa wakati wake. Mwenye jengo amenikabidhi lifti za jengo lake jipya, refu kuliko hili; anasema fundi mwoga hukagua mara mbili. Nimeshamchukua Mama Mkwe vipimo vya ovaroli. Tutaanza kazi asubuhi na mapema, na pale juu kwenye mashine kuna ngazi ndogo tu, atajikongoja.

Mama Mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema atakuja, lakini kwa sharti moja: kwanza nikae kwa mshauri kila Jumanne, bila vifaa, bila rafiki. Mke wangu akaniapisha pale pale. Nimeapa.

Jumanne nitaumwa tumbo. Nimeanza kulishika tangu chakula cha mchana, ili siku ikifika wasishtuke.