Charrue ya Mama Victorine

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kamalondo, mtaani kwetu. Baridi kali, vumbi, midomo imepasuka. Naandika Kiswahili cha shule, si kile cha sokoni, maana siku moja daftari hili litasomwa na watu wa maana.

Mama mkwe wangu, Mama Victorine, amepanda treni kwenda Kongolo kwa matanga ya dada yake. Parcelle yake, kiwanja chake cha mtaa wa Kenya hapa mjini, ametuachia tuichunge: mke wangu Albertine anamwagilia mboga za lengalenga, mimi nalisha kuku. Kando ya banda la kuku iko ile charrue ya zamani, jembe la chuma la kukokotwa na trakta. Majembe mawili, magurudumu matatu, kutu tele. Kuku wanalala juu yake. Sasa Papa André, mwenye restora ya bustani kwenye barabara ya Kipushi, anatafuta vyuma vya zamani vya kupamba bustani yake. Nitaisafisha, nitamuuzia. Mama mkwe ataambiwa wezi wa mitraille, wale wa vyuma chakavu, walipita.

Mpango safi kabisa! Ila naogopa. Mwaka jana, baada ya mambo ya cherehani yake (sitaki kuyaandika), mama mkwe alisema Donat, yaani mimi, akigusa tena kitu chake hata kimoja, ataita familia, na Albertine atarudi kwa mama yake. Hakuniambia mimi. Miaka tisa hatujasemezana uso kwa uso. Ndiyo heshima ya bukwe, ya wakwe, kwetu, akipita njia hii mimi nakata ile. Alimwambia Albertine upande ule wa ukuta. Mimi nilikuwa upande huu.

Jumanne, 8 Julai

Nimemleta Kasonde, soudeur, mchomelea vyuma, jirani wa mama mkwe. Akaizunguka charrue mara mbili, akasema ni ya Ujerumani. Nikasema ya Ubelgiji. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mtu hajavuka Likasi maisha yake yote, Ujerumani anaijulia wapi?

Umeme ulirudi saa tano. Kasonde akachomeka meuleuse yake, mashine ya kusagia chuma, nikaishika mwenyewe. Kila kipande cha chuma kilikuwa na vinundu vinundu, kama upele. Nimesaga vyote. Laini kama sahani! Kisha tukafungua skurubu zote. Kila honi iliyolia barabarani niliruka nikidhani ni treni.

Jumatano, 9 Julai

Nimemtumia Papa André picha kwa WhatsApp. Akajibu kwamba ni nzuri, sasa anaomba herufi na namba zilizochomoza kwenye vyuma. Eti kila kipande huwa nazo, ndizo zinaonyesha kiwanda na mwaka. Bila hizo ni mitraille tu.

Zilizochomoza. Vile vinundu! Mama yangu, minakufa!

Kasonde akashauri tuchonge nyingine kwa patasi. Tukachonga 1870. Papa André akauliza kama mwaka huo kulikuwa na trakta ya kuivuta. Nikaizima simu.

Albertine akaniuliza kwa nini nisitafute mtu anayeijua. Nikamjibu aliyeijua ni baba yake, Papa Dominique, aliyeendesha trakta kwenye shamba la mapadri na kupewa charrue hii shamba lilipofungwa, na marehemu haulizwi. Au nimuulize mama mkwe? Akanitazama vile anavyotazama mchele wenye mawe.

Ijumaa, 11 Julai

Tumeiunga. Zimebaki skurubu saba na springi moja, hatujui za wapi. Kuna kamba iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Nimeivuta leo kutwa, hakuna kinachosogea. Nimeipaka rangi nyekundu. Kuku watatu nao wekundu.

Saa nane ikaja simu: mama mkwe anarudi, treni yake imepita Kamina. Itafika lini? Labda kesho, labda wiki ijayo. Nimeshindwa kula bukari, yaani ugali.

Niliporudi nyumbani nikamkuta Albertine anakunja pagne zake mbili, vitenge vyake, anazitia kwenye sakoshi. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba mama yake akimwita, hawezi kukataa. Nikashika mkono wa sakoshi. Ninampenda mwanamke huyu, jamani. Sitaki kubaki na daftari peke yake.

Jumamosi, 12 Julai

Amefika! Saa nne asubuhi sauti yake ikasikika mlangoni mwa parcelle. Nikajitupa nyuma ya banda la kuku. Niliona miguu tu, na kandambili za bluu. Zikasimama mbele ya charrue. Kuku mwekundu akapita. 

Akauliza, sijui alimuuliza nani, ni nani aliyeivalisha hii kintu kama bibi arusi. Halafu: “Albertine, ambia ule muntu, kamba ameifunga kinyume. Na ile springi iko pa ukuta, airudishe pale aliitoa.”

Albertine alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Akanirudia neno kwa neno. Nikamwomba amwambie mama nimesikia. Akamwambia. Nikafunga springi, nikageuza kamba.

Mama mkwe akamwambia Albertine aniambie kwamba kamba bila gurudumu kuzunguka ni kamba tu, kwa hiyo tuvute. Kasonde akaita wanaume wanne wa mtaani. Tukatia mnyororo mabegani, mgongo wangu kwake, hivyo heshima ya bukwe haikuvunjika. Tukavuta. Yeye nyuma yetu, kamba mkononi. Krrr, kwaa! Majembe yakashuka yakazama kwenye lengalenga, sisi sote kifudifudi. Tukainuka, tukavuta tena, akavuta kamba, majembe yakapanda.

Akacheka. Kisha akalia. Akasema zamani Papa Dominique akilima, yeye alikaa pembeni juu ya trakta, na kazi ya kamba ilikuwa yake. Nilikuwa nasikia pua yake nyuma yangu. Halafu akasema, bila kupitia kwa Albertine, akauambia mgongo wangu: “Vuta, mwanangu.”

Miaka tisa! Nikavuta kama trakta.

Tukaenda hivyo mpaka kwenye ukuta, na yeye akawa anataja jina la kiwanda, mwaka, na namba ya kila kipande, kama anayesoma litania. Mume wake hakujua kuandika. Barua za kuagiza vipuri aliziandika yeye. Wiki nzima nahangaika, kumbe yote yalikuwa kichwani mwake! Niliyasikia yote. Sikuandika hata moja, mikono ilikuwa kwenye mnyororo, na sasa yamenitoka.

Mama mkwe amekata shauri: charrue haiuzwi. Mimi nisiguse kitu. Albertine ametoa pagne kwenye sakoshi. Akaniambia ningeweza kumuuliza mama yake siku yoyote kupitia kwake, na mama simu anayo. Nikamwambia ndiyo, nimeelewa.

Jumapili, 13 Julai

Misa ya shukrani. Nimeahidi mbele ya altare kwamba basi, yamekwisha. Alhamisi mama mkwe anapanda tena treni kwenda kumaliza matanga.

Mchana nilikuwa natafuta mayai nyuma ya jiko lake. Nikaona mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Ya kale, ya kale sana! Ina vinundu kila mahali. Kasonde anasema ni ya Ureno. Anaota huyo. Meuleuse yake nimeiazima kwa Ijumaa.

Ninaogopa, siwezi kusema uongo. Kiwanda chake sikijui, mwaka wake siujui, na katika parcelle ile nzima hakuna muntu wa kuuliza.