Bolti ya Kiungo cha Nyuma

Jumatatu, 8 Septemba

Ujumbe kutoka kwa kaka! Wa kwanza tangu mwezi wa sita, ukiacha ule aliokosea, uliokuwa wa fundi bomba. Anasema Jumapili twende kilimani na baiskeli, maana mwenzake wa kila wiki ameumia goti. Mwenzake huyo ni jirani yangu wa ukuta mmoja, Bwana Vipimo, mtu anayepima upepo wa tairi kabla ya kwenda dukani. Kwa hiyo mimi ni mchezaji wa akiba. Si neno. Akiba akifunga bao, nani atamrudisha benchi?

Tatizo: baiskeli yangu inalia. Ina shokapu mbele na nyuma, na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapojikunja kama bawaba ya mlango, kila tuta ni kwiii, kwiii. Mara ya mwisho kaka alivumilia nusu saa, akasema kelele ile inamtoboa kichwa, akatangulia. Huo ulikuwa mwaka jana. Hakunialika tena.

Mpango: kiungo kinyamaze kabla ya Jumapili, nami nichukue nafasi ya Vipimo kabisa.

Jumanne, 9 Septemba

Kwa fundi wa pale kona. Sikuipeleka baiskeli. Fundi hana kifua, na kaka anajua natengeneza kila kitu kwa mikono yangu. Nilimwambia hivyo mwenyewe. Nikauliza kwa niaba ya rafiki yangu mmoja.

Fundi akasema rafiki afungue bolti, atoe beringi kuukuu, agongee mpya polepole, kisha grisi iende mahali fulani na gundi ya kuzuia bolti isilegee iende mahali pengine, na asithubutu kuchanganya. Mahali penyewe alipataja. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa mambo ya utotoni, kwa hiyo sikuandika. Nikanunua vyote. Akamtumia rafiki yangu salamu.

Njia nzima nimewaza rafiki huyo angekuwa nani. Sikumpata.

Jumatano, 10 Septemba

Bolti imegoma. Nimeivuta, nimeibembeleza, nimeitukana. Inataka spana ndefu, na spana ndefu iko kwa Vipimo peke yake, ile yenye mshale wa kuonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani. Kumwambia ukweli ni kumpa siri za vita. Nikabisha hodi, nikasema nakaza kitanda.

Alikuwa kwenye kochi, goti juu ya mto, mkewe anammenyea chungwa. Akauliza kitanda cha watu wangapi, ili anitafutie kipimo chake. Nikasema cha mtu mmoja. Akanipa spana bila kipimo chochote, na shemeji akaniongezea machungwa mawili.

Sikupenda walivyonitazama. Machungwa nimeyala.

Ijumaa, 12 Septemba

Ushindi! Bolti imetoka! Vipimo akijua kwamba spana yake ya kukazia nimeifungulia, goti la pili nalo litauma. Beringi za zamani zimeota kutu, hazizunguki hata kwa kubembelezwa. Nimezitoa kwa nyundo na kipande cha bomba. Mpya zimeingia. Moja ilikaa upande, nikaielimisha kwa nyundo.

Sasa, grisi wapi na gundi wapi? Nikafikiri kisomi. Bolti ni kitu cha kuzungusha, kwa hiyo grisi. Beringi ni kitu cha kukaa mahali pake, kwa hiyo gundi. Nikamimina mpaka ikafurika. Ningeweza kumpigia fundi simu. Lakini ni rafiki gani anayeuliza mara mbili?

Nikaizungusha sebuleni. Hakuna kwiii. Hakuna sauti yoyote nyumba nzima. Nikawasha redio.

Jumapili, 14 Septemba

Kilomita ya kwanza kaka akasema leo baiskeli yangu imepata adabu. Nilifurahi kupita kiasi, nikajibu kwa kupiga kengele.

Kilomita ya pili nikagundua kiungo hakijikunji. Gundi imeganda! Kila jiwe nalipokea kwa uti wa mgongo. Nikaendelea kutabasamu. Mbali zaidi, kwenye mteremko, bolti yenye grisi ikajifungua yenyewe, ikarukia majanini. Gurudumu likalala upande huu, mimi upande ule.

Tuliitafuta kwa magoti, hatukuiona. Nikamwambia kaka atangulie, nimezoea. Hakutangulia. Tukasukuma baiskeli bega kwa bega, saa mbili nzima. Akanisimulia habari za wanawe, za presha yake, na kwamba huwa anamwota mama akitupangia viatu mlangoni. Nikamwambia hata mimi namwota. Kisha akasema aliacha kunipigia simu kwa sababu kila mara nilimjibu nina shughuli, akaona labda napenda kukaa peke yangu.

Nilitaka kumwambia sina shughuli yoyote. Kwamba siku nyingine naliaga kabati nikitoka. Nikasema ni kweli, kazi zimenibana.

Hata hivyo, hii ndiyo siku yangu nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepeleka baiskeli kwa fundi. Alipoona gundi kwenye beringi alicheka mpaka akakaa chini, akasema rafiki yangu ni mtu wa hatari. Ameng'oa kila kitu, akaweka beringi nyingine na bolti nyingine, grisi na gundi mahali pake. Sasa inajikunja kimya. Akaniahidi bolti hiyo haitachomoka tena. Nilihuzunika, sikumwambia kwa nini.

Saa kumi, ujumbe wa kaka. Goti la Vipimo linaendelea vizuri, Jumapili twende watatu. Na leo jioni nipite kwake tu, bila baiskeli, tukae, watoto wanamuulizia baba mdogo. Nimeusoma mara saba. Nikamjibu asante, nina shughuli. Mtu asionekane ana njaa ya kualikwa.

Halafu nikapata wazo. Vipimo hawezi kutembea mwendo mrefu na goti lile. Mambo yakiharibika, yeye atatangulia na baiskeli yake, kaka atabaki kusukuma na mimi. Nimechukua spana, nimeilegeza bolti mizunguko miwili. Nikikadiria vizuri itadondoka ng'ambo ya daraja la njia ya kilimani, na kutoka pale mpaka nyumbani kwa miguu ni mwendo wa saa tatu.