Nani Atamkanda Queen

Ijumaa, 14 Juni 2019

Elirehema, mwanamume mzima unaongozwa njia na sauti ya mwanamke wa ramani ya kwenye simu, na mimi niliyemlea mke wako nimekaa nyuma kama mzigo! Haya, nimeyaandika tu. Garini nilikuwa natabasamu.

Huyu ndiye mume wa mjukuu wangu Queen. Wote wawili walikulia Galveston, pwani ya huku Texas, na wanataka kupita tena walikochezea kabla mtoto hajaja. Safari ya mke na mume. Nimejialika. Queen ana mimba kubwa na bado hajasema nani atamuuguza akijifungua. Mimi Kidawa wa Tanga, nimkande kwa maji ya moto arobaini nzima? Au mkwewe Ndeshi wa Houston na masufuria yake ya mtori? Ndizi na nyama! Tumbo la mzazi litarudi lini?

Mpango: tusikanyage Houston. Nikalalamika mguu, nikasema twende moja kwa moja Galveston nikalale. Elirehema akanihurumia. Akakumbuka mama yake ni nesi. Tumelala kwa Ndeshi. Kanipa mtori. Nimeomba niongezwe.

Jumamosi, 15 Juni

Ndeshi kapanda gari! Asema mguu wangu unahitaji mtu wa kuutazama. Kaweka mkoba katikati yetu kama mpaka wa nchi.

Galveston, nikaja na mpango mwingine: nimwonyeshe Queen nyumba nilikomlea, akumbuke hadi alie. Balaa. Nyumba zote zimeinuliwa juu ya nguzo, zimepakwa rangi za peremende; yetu siitambui. Nikachagua moja kwa ujasiri. Nikaeleza hapa nilikuogesha, pale nilikubeba ukiwa na surua. Queen machozi yanamtoka. Nikanogewa, nikaongeza degedege.

Ndeshi hata sauti hakuinua.

"Bibi, hapa tulipanga sisi. Elirehema alikulia chumba kile cha juu."

Queen alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Surua yangu imekwenda bure.

Jumapili, 16 Juni

Mpango uliobaki ni mikono yangu. Asubuhi hotelini Ndeshi kaamka kiuno kinamuuma. Nikachemsha maji kwa mashine ya kahawa, nikakamua taulo, nikamkanda mbele ya Queen. Kwanza alinung'unika. Halafu anakoroma! Nikajiona nimeshinda.

Tukaenda kunywa chai. Queen akasema ametusikia safari nzima na amechoka.

"Elirehema amepata likizo. Yeye ndiye atanikanda, na yeye ndiye atapika. Nyinyi mtamfundisha."

Ndeshi akapaliwa. Akasema mwanawe hata chai huiunguza. Kwa mara ya kwanza nikampenda.

Jumanne, 18 Juni

Tumerudi nyumbani Irving. Somo la kwanza sebuleni, tunakanda mto wa kochi. Kijana ana mikono mizuri, yarabi. Mizito, ya taratibu. Anamuuliza mto kama unaumia. Nikamwambia hafai kabisa.

Nimempigia Ndeshi. Tumekubaliana: yeye akimfundisha kupika kwa simu atamsahaulisha chumvi, mimi nitamchanganya maji ya moto na ya baridi, hadi Queen akate tamaa atuite. Ndeshi anadhani ataitwa yeye. Maskini.

Sasa kijana kasimama mlangoni na beseni, ananishukuru kwa uvumilivu wangu. Acha shukrani, Elirehema. Mwaga hayo maji, chemsha mengine, uanze upya.