Nembo Isogee Kidogo Kushoto

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kioo wa kampuni ya matangazo: anatafutwa mbunifu wa michoro, na lazima, kwa herufi nyekundu, awe na digrii. Msomi alilisoma akiwa amejibanza kivulini, akitafuta mtu wa kumlipia chakula cha mchana bila mtu huyo kujua. Mjini walimwita Msomi kwa sababu ya miwani. Macho yake hayakuwa na tatizo lolote. Miwani ilikuwa ya kazi.

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke kijana, pacha mmoja mgongoni, mwingine kiunoni, bahasha kubwa ya michoro kwapani. Alikuwa akijisemesha. Msomi alipomuuliza kwa upole kilichomsibu, akamweleza: mkurugenzi ameitazama michoro yake, ameisifu, amemwita hata karani aje aone, halafu akauliza digrii. Hana. Amesoma madarasa ya jioni tu. Basi michoro ile ile iliyokuwa mizuri ikawa mibaya palepale, na karani akarudishwa kwenye meza yake.

Msomi akaikagua michoro. Hakujua kuchora hata mstari ulionyooka, lakini fursa aliitambua hata ikipita imejifunika shuka. Hapa pana kazi isiyo na digrii. Digrii isiyo na kazi, hiyo inapikwa kwenye banda la fotokopi na unaondoka nayo ingali ya moto. Kilichopungua ni mtu mwenye moyo wa kuviunganisha viwili hivi, na Msomi siku zote alikuwa mtu wa kusaidia.

"Dada," alisema, "Mungu hakukutoa ndani humo bure."

Akajitambulisha kuwa wakala wa kampuni kubwa ya nje, ya watu walioendelea, ambao digrii wameshazichoka. Wao wanapima mikono. Angekuwa anamletea mitihani, na akifaulu yote, ajira. Mitihani mingapi? Ingetegemea. Alipomwona bado anasita, akaongeza neno moja la uaminifu, neno ambalo baadaye alilijutia kuliko uongo wake wote.

"Faili lenyewe usinipe, dada. Nitumie picha tu. Mjini hapa wezi ni wengi."

Mwanamke huyo, ambaye majirani walimwita Mama Pacha, nusura alie kwa shukrani. Mtu anayekuonya kuhusu wezi atakuwaje mwizi?

Alikuwa akichorea sebuleni kwa shemeji yake, kompyuta mpakato ikiwa juu ya pipa la maji, na shemeji alikwishaanza kukohoa kile kikohozi kisicho na ugonjwa, cha mtu anayeitaka sebule yake. Mama Pacha alihitaji mshahara kabla kikohozi hakijageuka maneno. Kwa hiyo mitihani aliifanya kwa moyo wote, pacha mmoja akinyonya, mwingine akivuta waya.

Msomi naye akaajiriwa na mlango wa kioo. Mkurugenzi aliitazama digrii yake kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama michoro ya mitihani, kisha akaitia kwenye fremu na kuitundika ukutani, wateja waione wakiingia. Kazi ikawa nyepesi. Akiulizwa jambo, Msomi alifumba macho na kusema mchoro unahitaji kupumua, na watu wazima wenye familia zao wakanyamaza ili upumue. Mteja akitaka mabadiliko, alisema atayatafakari, na jioni hiyo hiyo Mama Pacha akapokea mtihani wa marudio.

Siku ya chanjo, Mama Pacha akiwa kwenye foleni ya zahanati, aliinua macho akaona bango la majani ya chai. Kikombe kilikuwa chake. Mvuke ulikuwa wake. Aliurudia na kuurudia kwa sababu mtihani ulitaka mvuke wenye heshima. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, lilikuwepo jina la kampuni ile yenye mlango wa kioo. Hakupiga kelele. Watoto walidungwa sindano zao wakalia kwa niaba ya familia nzima. Yeye alikumbuka tu kwamba Msomi amemwambia majibu ya mtihani wa sabuni yanatoka kesho yake asubuhi. Asubuhi hiyo akabeba pacha, akabeba kompyuta, akaenda kukaa kwenye ngazi za mlango wa kioo.

Juu, mteja mkubwa kuliko wote, Mama Sabuni mwenye kiwanda, alikuwa akilitazama bango lake ukutani.

"Zuri," alisema. "Nembo isogee kidogo kushoto."

Msomi akafumba macho. "Kushoto, mama, ni upande wa huzuni."

"Basi ihuzunike. Isogeze."

Msomi akasema atalitafakari. Mama Sabuni akasema mtambo wa kuchapa unamsubiri, kwa hiyo atafakari sasa hivi, hapa hapa, yeye akiona. Mkurugenzi akaitazama digrii ukutani, akamtazama mwenye digrii. Msomi, ambaye alikuwa na picha tu, si faili, akaomba radhi, akatoka kwenye korido kupiga simu.

"Dada, kuna kamtihani ka dharura. Nembo tu."

"Asante kaka. Niko hapa chini. Nipande?"

Alikwishapanda. Aliingia akasalimia kwa adabu, akamkabidhi Msomi pacha mmoja na mkurugenzi pacha wa pili, ambaye mkurugenzi alimpokea kwa mshangao tu, kisha yeye mwenyewe akafungua kompyuta.

"Huyu ni msaidizi wangu," Msomi alieleza.

Mama Pacha akaweka mikono mapajani. Nembo haikusogea.

"Imegoma?" aliuliza Mama Sabuni.

"Haijagoma, mama. Inasubiri kujua mimi hapa ni nani."

Msomi akajisahihisha. "Mwenzangu, nilitaka kusema."

Nembo ikasogea upana wa kucha.

"Bado," alisema Mama Sabuni, ambaye sasa alikuwa amevuta kiti akaketi vizuri.

"Mwalimu wangu."

Kucha nyingine. Koti la Msomi lilianza kupata joto kifuani, na lile joto likateremka polepole mpaka mfukoni. Pacha akamtabasamia.

"Yeye ndiye kachora," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Hili?" aliuliza Mama Sabuni.

"Yote. Na la chai."

Nembo ikafika.

"Lakini ana digrii?" aliuliza mkurugenzi, juu ya kichwa cha mtoto.

Mama Sabuni akamuuliza hiyo iliyoko ukutani leo imesogeza nini. Kisha akasema kazi zake zitachorwa na aliyesogeza, hapa au kwa jirani. Mkurugenzi alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake aliubadilisha bila kuchelewa: digrii, alifafanua, ilikuwa inahitajika zaidi upande wa ukuta. Mama Pacha akaomba mkataba, mshahara wa mwezi na meza ya dirishani. Akapewa vyote, na mkurugenzi akaomba sasa achukuliwe mtoto.

Msomi aliiteremsha fremu yake, koti likidondosha matone, akamsogelea Mama Pacha pale mezani.

"Dada yangu, ya nini tugombane? Leo wamekukubali, kesho atakuja bosi mwingine aulize karatasi. Nakuachia hii. Nabadilisha jina tu, bei ya kindugu."

Mama Pacha aliipokea fremu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akainamisha kichwa kama wafanyavyo watu wa kazi yake, akaitazama sana. Kisha akamrudishia.

"Nembo yake," alisema, "imekaa kulia mno."